Somo: Kuingiza fidla kwenye bosanova bila kumfunika mwimbaji

Wadau, habari za jioni.

Swali hili limenijia mara nyingi, kwa watu wa kwaya, wa taarab na wa bendi za hoteli: mbona kwenye santuri za bosanova, ule muziki wa Brazil, fidla zinaingia wimbo ukawa mwepesi zaidi, na sisi tukiziingiza wimbo unakuwa mzito kama uji wa jana? Leo tufanye kwa mikono. Mwenye kinanda akiweke karibu, mwenye gitaa alichukue.

Mwalimu wetu ni Claus Ogerman. Alizaliwa mwaka 1930 Ratibor, mji uliokuwa Ujerumani na leo uko Poland, akahamia Marekani mwaka 1959. Huyu ndiye aliyempangia Antônio Carlos Jobim, mtunzi wa Brazil, okestra kwa miaka mingi. Santuri ninazowaomba mzitafute ni tatu. Ya kwanza ni ile ambayo Jobim anapiga nyimbo zake mwenyewe, ya 1963. Ya pili ni ile ya mwimbaji wa Kimarekani Frank Sinatra na Jobim ya 1967. Ya tatu ni Wave, nayo ya 1967, ile yenye twiga kwenye jalada. Twiga yule alipigwa picha Kenya na Pete Turner, basi ukiiona usiipite, ina damu ya kwetu. Mkizimaliza hizo, ongezeni Amoroso ya João Gilberto, mwimbaji na mpiga gitaa wa Brazil, ya 1977. Hiyo nyuzi zake, yaani fidla na wenzake kama viola na chelo, ni nzito zaidi, kwa hiyo iacheni iwe ya mwisho, sikio likishazoea.

Hatua ya 1: Mdundo usimame peke yake

Usiandike noti hata moja ya fidla kabla gitaa, besi na ngoma havijasimama vyenyewe. Bosanova inabebwa na gitaa la nyuzi za nailoni. Kidole gumba kinatembea na besi taratibu, pigo kwa pigo, na vidole vitatu vinachota kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, kwa kuchomekea katikati ya mapigo. Gumba linafanya kazi ya lile goma kubwa la samba, vidole vinafanya kazi ya ngoma ndogo. Mpiga ngoma anagusa tu. Ikiwa hapo wimbo hautembei, fidla hazitauokoa.

Creed Taylor, prodyuza wa Wave, alikuwa na desturi ya kurekodi kwanza ala za mdundo na kuziongeza nyuzi baadaye. Fanyeni hivyo hata kama mna simu tu. Rekodini gitaa, besi na sauti ya mwimbaji, kisha mkae nayo siku mbili tatu kabla ya kushika kalamu.

Hatua ya 2: Chora anapopita mwimbaji

Chukua daftari la mistari. Kila kipimo cha wimbo, yaani kila fungu la mapigo, kipe kisanduku. Mwimbaji anapoimba weka kivuli, anaponyamaza acha peupe. Wimbo wa kawaida wa bosanova una peupe pengi kuliko unavyodhani. Yale ndiyo malango ya fidla. Penye kivuli fidla zinapita kwa ruhusa tu, nazo zipite juu sana au chini sana, zisipite njia moja na sauti ya mtu.

Hatua hii watu wengi wanairuka, na hapo ndipo kazi inapoharibikia. Mara yangu ya kwanza kupanga fidla nilijaza kila kisanduku. Wapigaji walikuwa sita, nikaona haya kumwacha hata mmoja amekaa bure. Siku ya mazoezi mwimbaji wetu, dada mmoja mwenye sauti ndogo nzuri, alifika ubeti wa pili akanyamaza. Akanigeukia akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, mimi nipite wapi?" Usiku ule nilifuta zaidi ya nusu ya niliyoandika. Kesho yake aliimba mpaka mwisho, na wale sita hawakulalamika.

Hatua ya 3: Tafuta mstari mmoja unaoshuka

Hapa ndipo penye utamu, tukae kidogo.

Chukua Samba de Uma Nota Só, wimbo wa Jobim na Newton Mendonça. Kama jina lake linavyosema kwa Kireno, sauti inakaa kwenye noti moja. Tuupige kwa ufunguo wa G, yaani do ni G. Mwimbaji anashika D, so, kwa vipimo 8 mfululizo. Chini yake kodi zinashuka nusu toni nusu toni: Bm7, Bb7, Am7, Ab7 yenye noti ya 5 iliyoshushwa. Vipimo vinne, kila kipimo kodi moja, halafu zinarudiwa tena.

Angalia jinsi D ileile inavyobadilika maana bila kusogea. Kwenye Bm7 ni noti ya 3, ukihesabu kuanzia B. Kwenye Bb7 pia ni ya 3. Kwenye Am7 imekuwa ya 4, kama mgeni aliyekaa pembeni ya meza. Kwenye Ab7 ni ile ya 5 iliyoshushwa, na hapo inauma kidogo. Mwimbaji amesimama, nyumba ndiyo inayomzunguka. Mstari wa nyuzi kazi yake ni kumwonyesha msikilizaji mzunguko huo.

Mstari wenyewe huu hapa. Nimeuandika mimi kwa ajili ya somo, msiutafute kwenye santuri. Mpe chelo, noti ndefu, moja kwa kila kipimo:

Kipimo cha 1: A (re)
Cha 2: Ab (ra, yaani re iliyoshushwa nusu toni)
Cha 3: G (do)
Cha 4: F# (ti)
Cha 5: F# (ti), anaishikilia
Cha 6: F (ta, yaani ti iliyoshushwa nusu toni)
Cha 7: E (la)
Cha 8: D (so)

Vipimo vinne vya kwanza chelo yuko kwenye noti ya 7 ya kila kodi. Cha 5 hasogei, lakini F# ambayo kwenye Ab7 ilikuwa ya 7, kwenye Bm7 imekuwa ya 5, kwa hiyo mlango umefunguka wenyewe. Kuanzia hapo anafuata noti za 5 mpaka chini, na kipimo cha 8 anakutana na D, noti ya mwimbaji, ila chini kabisa. Piga mkono wa kushoto mstari huo na wa kulia D peke yake. Usiweke kodi yoyote. Utasikia wimbo mzima umo humo kwenye noti mbili.

Sasa kipimo cha 9. Hapo mwimbaji anapanda kwenye G, do, na kodi zinakuwa Dm7, G7, Cmaj7, F7. Fidla zote, ambazo mpaka sasa zimekaa kimya, ziokote D aliyoiacha mwimbaji, oktavo moja au mbili juu, ziishike vipimo vyote 4. D inakaa vizuri kwenye kodi zote nne, jaribuni mtaona. Kipimo cha 13 mwimbaji anarudi kwenye D yake, fidla zinaondoka. Noti moja tu imeandikwa kwa fidla katika vipimo 16, na msikilizaji atakwambia amesikia okestra.

Hatua ya 4: Nani apige nini

Ogerman alipenda sana kuzipa fidla zote noti moja, au noti moja kwa oktavo mbili, badala ya kuzigawa kwenye kodi nene. Mstari mwembamba wa pamoja unakata bila kujaza. Kodi nene za nyuzi zinakalia palepale lilipo gitaa, na gitaa likizibwa bosanova imekwisha.

Msikilizeni Jobim mwenyewe akipiga piano kwenye ile santuri ya 1963. Kwa sehemu kubwa anapiga noti mojamoja, kama mtu anayechagua dagaa. Kapiga piano kidogo namna ile kwa sababu okestra nayo imemwachia nafasi.

Filimbi zishushe chini. Filimbi ya alto inasikika chini ya noti inayoandikwa (ukiandika C, inasikika G ya chini yake), na sauti yake ya chini ina pumzi ndani, inachanganyika na sauti ya mtu vizuri mno. Msipokuwa nayo, filimbi ya kawaida kwenye oktavo yake ya chini inatosha. Ukiipa noti ileile ya fidla, ukali wa fidla unapungua.

Tromboni moja laini ni rafiki wa bosanova. Tarumbeta ziwekeni kando kwa sasa.

Hatua ya 5: Futa

Ukimaliza kuandika, rudi mwanzo ufute. Ubeti wa kwanza mwachie mwimbaji na gitaa. Fidla zikichelewa, zikifika zina thamani.

Sikilizeni ile ya Sinatra na Jobim mkiwa na kalamu mkononi. Waliirekodi kwa usiku tatu, kuanzia Januari 30 hadi Februari 1, mwaka 1967. Nyimbo 10, saba za Jobim na tatu za Kimarekani, jumla dakika kama 28 tu. Sinatra alizoea kuimba mbele ya bendi kubwa zinazonguruma, hapa anaimba kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Wekeni alama kila fidla zinapoingia na kila zinapotoka. Hesabuni vipimo ambavyo hazimo. Zoezi hilo moja litawafundisha kuliko maneno yangu yote haya.

Hatua ya 6: Upinde

Waandikieni wapigaji wapi upinde unaanza na wapi unageuka. Noti ya vipimo 4 kama ile D haitoki kwa upinde mmoja bila kufifia, kwa hiyo waambieni wageuze kwa zamu, huyu leo huyu kesho, mshono usisikike. Kidole kisitikisike sana. Kizibo cha kwenye daraja la fidla, kile kijiti kinachobeba nyuzi, kinasaidia kupunguza makali, na kama hakuna, upinde uvutwe karibu na shingo ya fidla.

Karibuni maswali.

MASWALI

Kutoka Tanga: Shikamoo mwalimu. Mimi sina mpiga fidla hata mmoja, nina kinanda tu chenye sauti ya nyuzi. Nijihangaishe au niache?

Jibu: Marahaba. Usiache. Kosa la kinanda ni kwamba vidole kumi vinataka kazi, unajikuta umepiga kodi kwa mikono miwili. Rekodi mstari mmoja kwa kidole kimoja. Kisha rudia, rekodi mwingine. Kila noti ndefu ipandishe na kuishusha sauti kwa mkono, kwa sababu fidla ya kweli hailali usawa mmoja. Na ukimpata mpiga fidla mmoja tu, hata mwanafunzi, mwambie apige mstari uleule juu ya kinanda chako. Sikio litamfuata yeye na kinanda kitageuka wenzake.

Kutoka Muscat: Asalaam aleikum maalim. Wapigaji wangu ni wa taarab, wamelelewa na taarab. Noti moja hawaipigi kavu, lazima waipambe. Nikiwapa hiyo D ya vipimo 4 kila mtu ataiwekea nakshi yake. Nifanyeje?

Jibu: Waaleikum salaam. Maalim, wewe una hazina. Wapigaji wa taarab tayari wanajua kupiga mstari mmoja pamoja. Tangu enzi za Ikhwan Safaa iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, fidla kutembea pamoja na wimbo ndio msingi wetu, hawa hawana haja ya kufundishwa kusikilizana. Tofauti iko sehemu mbili. Taarab mara nyingi fidla zinamfuata mwimbaji na kumjibu kwenye maneno yake, na nakshi ni sehemu ya heshima. Huku kwenye bosanova fidla zinasimama mbali na mwimbaji, na zinakwenda na mapigo ya gitaa hata mwimbaji akitangulia au akichelewa. João Gilberto ana tabia hiyo ya kuchelewesha maneno. Fidla zikimfuata, zote zinapotea.

Kwa hiyo usiwakataze nakshi moja kwa moja, wataona umewanyang'anya mikono. Mchague mmoja, mkubwa wao, umpe sehemu moja ya peupe aipambe atakavyo. Wengine waishike noti kavu chini yake. Mimi nimejaribu hivyo na nilipenda matokeo, ingawa ladha yake si ya Rio, ni ya kwetu.

Kutoka Nairobi: Mwalimu, nafundisha kwaya ya shule. Sauti za watoto zinaweza kuchukua nafasi ya fidla?

Jibu: Zinaweza, wakiimba kwa kufunga midomo au kwa "uu" laini. Wa soprano wapewe ile D ya juu, ya oktavo moja tu, msiwapandishe zaidi. Wavute pumzi kwa zamu kama upinde. Mstari wa chelo uwape wavulana wakubwa waliokwisha kuvunja sauti, nao wausome kwa do re mi kama nilivyouandika. Ile "ra" na ile "ta" ndizo zitakazowasumbua, zifanyisheni mazoezi peke yake.

Kutoka Lubumbashi: Jambo mwalimu. Mimi ni mpiga saksafoni, si mwimbaji. Nikipiga na nyuzi, napiga melodi iliyoandikwa au najitungia? Halafu wapigaji wa nyuzi huku ni wachache sana.

Jibu: Jambo sana. Uchache usikuogopeshe. Novemba 1949 Charlie Parker, mpiga saksafoni wa jazz, aliingia studio New York akarekodi na nyuzi, nazo zilikuwa tano tu: fidla tatu, viola moja na chelo moja, pamoja na kinubi, obo, piano, besi na ngoma. Zitafute rekodi zile. Wako waliosema nyuzi zimemharibu. Mimi naposikia anavyoingia kwenye Just Friends siwaelewi kabisa wasemao hivyo. Nyuzi zimekaa kama ukuta mweupe, na yeye anachora.

Kuhusu kujitungia, sikiliza Focus ya mpiga saksafoni Stan Getz ya 1961. Mpangaji wake, Eddie Sauter, aliandika muziki wa nyuzi uliokamilika, lakini hakumwandikia Getz melodi. Alimwachia nafasi aingie na ajitungie kwa kusikiliza. Hiyo ni kazi ngumu na huanzi nayo. Anza na melodi ya wimbo kama ilivyo mara moja, duru ya pili ujitungie, na nyuzi zipige kidogo zaidi duru ya pili kuliko ya kwanza. Wengi wanafanya kinyume.

Kutoka Dar es Salaam: Naomba ufafanuzi. Gil Evans na Miles Davis nao walitumia okestra. Mbona hukuwataja?

Jibu: Kwa sababu somo ni la nyuzi. Sketches of Spain ya 1960, ambayo Gil Evans alimpangia mpiga tarumbeta Miles Davis, ni okestra kubwa, ina pembe, tuba, filimbi, kinubi, lakini haina kundi la fidla. Gil Evans alipata ulaini kwa kuchanganya ala za kupuliza za chini. Anastahili somo lake mwenyewe, na nitaliandika. Kwa wale wenye bendi za tarumbeta na tromboni zisizo na fidla, huyo ndiye mwalimu wenu kuliko Ogerman.

Kutoka Tanga, tena: Mwalimu nimejaribu usiku huu. Chelo ya kinanda mpaka kipimo cha 5 inateleza vizuri. Cha 6, ile F, inagongana vibaya mno. Nimeangalia mara tatu nimepiga sawa.

Jibu: Umepiga sawa, mwenye kosa ni mwingine. Mwulize mpiga gitaa wako kipimo cha 6 anapiga nini. Nadhani amebaki kwenye Bm7, ambayo ndani yake kuna F#, na F yako ikiwa jirani ya nusu toni lazima mgongane. Besi inatakiwa itembee B, Bb, A, Ab, mara mbili. Mwambieni aimbe hizo noti nne kwa mdomo kabla ya kupiga.

Kutoka Tanga: Kweli mwalimu, alikuwa amebaki B vipimo viwili. Ameimba kwanza, akapiga, imekaa. Mama alikuwa jikoni, tulipofika kipimo cha 9 ile D ya juu ilipoingia akaja mlangoni na mwiko mkononi kusikiliza.

Jibu: Vizuri sana. Sasa kipimo cha 13 usisahau kuiondoa.